Jasho la chumvi na joto la Kongowea

Ndugu yangu, unauliza kwa nini tangu utoke Limuru kwenye baridi juzi kuja kubeba magunia soko la Kongowea, Mombasa, fulana yako inakauka na mistari myeupe ya chumvi na misuli inakukaza usiku, ilhali wenzako wako sawa. Mwili wako haujazoea joto la Pwani.

Ubongoni kuna sehemu, haipothalamasi, inayopima joto la damu. Likizidi nyuzi 37 hivi, hutanua mishipa ya ngozi na kutoa jasho, likishuka, husimamisha. Shida ya Mombasa ni unyevu: jasho linalodondoka bila kukauka halikupoozi, kwa hiyo ubongo unazidi kulimwaga. Ukishinda jotoni siku kadhaa, homoni ya aldosteroni huamuru vitezi vya jasho virudishe chumvi mwilini, na maji ya damu huongezeka. Hilo huchukua siku 7 hadi 14.

Basi kesho punguza mzigo. Anza na sehemu moja kwa tano ya kazi ya kawaida, uongeze kiasi hicho kila siku. Kunywa kikombe kila dakika 20, usingoje kiu, kiu huchelewa. Misuli ikikaza: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Dafu ni zuri, lakini sodiamu yake, madini yaliyomo kwenye chumvi, ni ndogo, halitoshi peke yake.

Mwenzenu akianza kupayuka, mmwagieni maji, mpepeeni, mkimbizeni hospitali mara moja. Hapo kidhibiti chenyewe cha joto ubongoni kimezidiwa.