Kadi ya kukusanyia data na laptopu: anza na waya

Kadi ya kukusanyia data hupokea volti za sensa na kuzigeuza kuwa nambari kwenye laptopu. Ikianza kutoa nambari za ajabu, mkono huenda kwenye kipanya. Draiva inafutwa, programu inawekwa upya, laptopu inalaumiwa. Mara nyingi laptopu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye ubao wa skrubu, pale nyaya za sensa zinapofungwa, kwa waya ambao haukupewa njia ya kurudi.

Chukua kazi ya kawaida hapa mjini Mombasa: chumba cha baridi cha samaki upande wa Liwatoni. Unataka joto la sehemu nne kwa themokapo (sensa za joto za nyaya mbili za metali tofauti) za aina ya K, pamoja na shinikizo la kompresa kutoka kwa sensa inayotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Hizo ni chaneli tano, yaani njia tano za kuingizia vipimo. Kabla ya kununua kadi, uliza zinahesabiwaje. Kadi inayotangazwa kuwa na chaneli nane huwa na nne tu ukiziunga mbilimbili, yaani chanya na hasi kila moja na skrubu yake. Na themokapo lazima ziungwe mbilimbili. Kwa kazi hii tafuta ya 16.

Kama una kadi ya zamani ya kuchomeka ubavuni, angalia mambo mawili: laptopu iwe na tundu lenyewe, na draiva iwe ya Windows ya biti 64, maana draiva ya biti 32 haifanyi kazi humo. Vijiadapta vya USB vya kadi hizo usivitegemee. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya modemu na kumbukumbu. Kadi ya USB inakuondolea udhia huo wote.

Sasa masafa ya volti, yaani kuanzia volti ngapi hadi ngapi kadi inapima. Kadi ya biti 12 ikiwekwa kwenye volti -10 hadi +10 inagawa volti 20 kwa ngazi 4096, yaani milivolti 4.88 kwa kila ngazi. Themokapo ya K hutoa mikrovolti 41 hivi kwa digrii moja. Piga hesabu: ngazi moja ni karibu digrii 119! Samaki wataoza na skrini haijatikisika. Ukishusha masafa hadi milivolti -50 na +50, ngazi inakuwa nusu digrii na kidogo, na hapo unaweza kufanya kazi. Kadi isiyo na masafa madogo inahitaji kikuza mawimbi mbele yake.

Themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha yake na skrubu za ubao. Ndani kukiwa -20 na ubao uko kwenye digrii 30, kadi inapata milivolti 2 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo ubao uwe na sensa yake ya joto, ili joto la skrubu lijumlishwe kwenye hesabu, nao ufunikwe. Feni ikiupuliza upande mmoja, chaneli za upande huo zitapotoka na utadhani chumba kina kasoro.

Kwa sensa ya shinikizo, weka rezista ya omu 250 upate volti 1 hadi 5. Rezista ya asilimia 5, ile yenye mstari wa dhahabu, inaweza kukupotosha kwa asilimia hiyohiyo. Mbili za omu 499 za asilimia 1 zikiungwa sambamba zinakupa 249.5, na hilo linatosha. Ukisoma volti 0, waya umekatika. Shinikizo la sifuri linasoma volti 1.

Laptopu ikiwa kwenye betri, kadi nzima inaelea, yaani haijaungwa na ardhi, na themokapo isiyogusa chuma inaelea pia. Hakuna anayejua sifuri iko wapi, basi nambari zinatambaa polepole mpaka zinagota ukingoni. Dawa yake ni rezista ya kiloomu 10 hadi 100 kutoka skrubu hasi ya kila themokapo hadi ardhi ya kadi. Ukichomeka chaja ya pini mbili, mwili wa laptopu hupanda hadi volti mia na kitu kupitia kapasita ya ndani. Ndiyo ile inayowasha kidole ukigusa chuma. Mkondo wake ni mdogo, lakini themokapo inausikia. Jaribu hivi: chomoa chaja huku ukitazama grafu. Makelele yakipungua ghafla, umempata mchawi.

Umeme wa ukutani usiulete kwenye kadi kamwe. Volti 240 hufika kilele cha 340 hivi, na nyuma ya kadi kuna laptopu, na nyuma ya laptopu kuna wewe.

Chaneli isiyotumika usiiache wazi; iunge na ardhi. Kadi nyingi zina kipimaji kimoja kinachohama chaneli hadi chaneli, na iliyo wazi huiga jirani yake. Ukiona grafu mbili zinacheza ngoma moja, angalia hapo kwanza.

Kuhusu kasi, joto la chumba halihitaji haraka, ila mvumo wa umeme ni wa hezi 50 na haufai kusahauliwa. Ukisoma mara 49 kwa sekunde, mvumo utajitokeza kama wimbi la taratibu la hezi 1, na mtu ataapa kwamba kompresa inapumua. Soma mara 1000 kwa sekunde, kusanya 100, toa wastani: hiyo ni mizunguko mitano kamili, na mvumo unajifuta. Hifadhi wastani mmoja kwa sekunde na ufungue faili mpya kila saa, ili umeme ukikatika usipoteze usiku mzima. Zima usingizi wa laptopu, zima uokoaji nishati wa USB, ahirisha masasisho.

Laptopu ibaki nje; ndani ziingie nyaya tu. Ikikaa kwenye baridi kisha ikatolewa kwenye hewa yetu hii, umande utatanda juu ya kadi kama kwenye chupa ya soda. Ikibidi iingie, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuitoa, na usiufungue mpaka ipate joto la nje. Skrubu nazo zikague kila mwezi. Kutu ya kijani ikianza kwenye shaba, kata ncha ya waya, menya upya milimita 6, vika kichuma cha ncha ukibane. Usipake risasi ya kulehemu: hulegea chini ya skrubu, na utarudi palepale kwenye kufuta draiva.