Eti rap sio muziki? Kaa hapa kidogo

Juzi kijana mmoja wa Masese kanitumia meseji, "bro, mzee anasema kuchana rap ni kelele tu, nifanyeje?" Nimecheka halafu nikakasirika, maana mimi mwenyewe niliambiwa hivo hivo hapa Jinja, Uganda, kwenye shindano la vipaji, jaji (simtaji) alizimisha biti sijafika hata nusu ya vesi akasema huyu anaongea, nileteeni mwimbaji. Ukumbi mzima ukacheka. Bado inaniuma, sidanganyi.

Sasa sikia. Bibi yangu ni Mnyankole, mtu wa Ankole magharibi mwa Uganda, na kwao mwanaume anasimama mbele za watu anamwaga ebyevugo, yaani majigambo, anajisifu ushujaa na ng'ombe wake, mbio mbio, mstari mzima kwa pumzi moja, haimbi hata kidogo, na sijasikia mtu amwambie mzee wa Kihima, wale wafugaji wa huko Ankole, kwamba anapiga kelele! Na lile shairi la Kiswahili la kawaida lina mizani, yaani silabi, 16 kila mshororo, vina katikati na mwisho, rapa anafanya nini tofauti? DJ Kool Herc alivyopiga ile pati ya Bronx, New York, 1973, inayotajwa kuwa mwanzo wa hip hop, alileta mdundo, kughani tulikuwa nako. Rapa wa Marekani Kendrick Lamar kapewa tuzo ya Pulitzer 2018, tena ya muziki jamani, sio ya hotuba. Na hapa kwetu rapa Babaluku na kundi lake Bataka Squad walishaonyesha kitambo kwamba Kiluganda kinachanika, ndo Lugaflow hiyo, leo rapa MC Yallah anachana Kiluganda, Kiswahili, Kijaluo, mpaka Ulaya wanamwita.

Mimi nilianza kuhesabu silabi, basi. Naandika mstari, napiga meza, silabi ikizidi nakata. Saa hii naitwa kwa harusi na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mpaka mji wa Iganga, na wajomba wale wale wa "kelele" ndo wanataka niwataje majina kwa maiki. Mwenye wivu anywe maji.

Kwa hiyo mdogo wangu hesabu silabi, fanya mazoezi, halafu hesabu tena. Mzee usimjibu, mheshimu, we sikiliza tu. Vijana mna haraka sana, mtu hajamaliza vesi moja tayari kapiga picha studio na miwani ya jua usiku, hapana, andika kwanza! Na wakikuita harusini taja bei mapema, nusu wakupe kabla hujashika maiki, maana pilau ikishaliwa hakuna anayemkumbuka rapa.