Nakala 1,000 kwa mkupuo? Hapana
Ndugu, umeuliza kama uchapishe nakala 1,000 za riwaya yako kwa mkupuo. Usithubutu. Anza na 100. Mimi nilichapisha 500 kwa mpiga chapa mmoja hapa mjini bila kudai nakala ya mfano. Gundi haikushika, wasomaji wakanirudishia vitabu kurasa zikidondoka mkononi. Iliniuma sana. Kwa hiyo ifungue nakala ya mfano katikati, ikunje hadi mgongo ulie, ndipo ulipe salio. ISBN, ile namba ya tarakimu 13 inayotambulisha kitabu, utaipata kwa Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya. Matangazo je? Tuma sura ya kwanza kwenye makundi ya WhatsApp, namba ya M-Pesa chini yake. Wengi wa wasomaji wangu niliwakabidhi kitabu pale Kencom, kituo cha mabasi katikati ya Nairobi, jioni, wakitoka kazini.