Kibali ni chako, si cha bosi: kwa mnaokuja kufanya kazi Kampala

Ndugu zangu mnaovuka Mutukula, Busia au Mpondwe mkiwa na barua ya ajira mfukoni, karibuni. Kazi ipo, watu ni wakarimu, na njaa haitawasumbua maadamu rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, inakaangwa kila kona. Ila kuna jambo linawakwamisha wageni wengi wenye akili zao timamu: kudhani kwamba kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki, makaratasi ni kazi ya kampuni na wao hayawahusu. Mimi ni mhasibu, mtu wa Bukoba, na kwa kuwa ofisi yetu ni ndogo, mafaili ya vibali vya wafanyakazi wa kigeni nayo niliangushiwa mimi. Haya ninayoandika nimeyaona kwenye mafaili hayo, mengine kwa wenzetu wanaonipigia simu usiku mambo yakishaharibika.

Tuanze na kile ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki inakupa kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Chini yake, raia wa nchi mwanachama anayeingia kama mgeni anaweza kugongewa muhuri wa hadi miezi sita bila kulipa chochote. Muhuri huo ni wa kutembea: kusalimia ndugu, kutibiwa, kupita. Ukishafunga mkataba wa kazi unaozidi siku 90, unatakiwa uombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka nayo imewekewa siku 30 za kukitoa. Itifaki inasema kibali cha kwanza ni cha hadi miaka miwili, kisha kinahuishwa. Mkataba usiozidi siku 90 una njia yake, pasi maalumu. Zikariri namba hizi, maana bosi wako huenda hazijui, au anazijua na anajifanya hazijui.

Dada mmoja kutoka magharibi ya Kenya alikuwa akisuka nywele kwenye saluni pale Kabalagala. Bosi alimwambia atulie, ana miezi sita, ikiisha atoke Busia aingie tena. Akaishi hivyo kwa muda mrefu. Siku maofisa wa uhamiaji walipopita kukagua, wateja wakiwa wamekaa na dawa vichwani, alitoa pasipoti yake bila wasiwasi wowote. Ofisa akapekua kurasa taratibu. Mihuri ya Busia imepangana: kutoka, kuingia, kutoka, kuingia. Akamwuliza swali moja tu, amekuja kumtembelea nani, naye wakati huo chanuo liko mkononi. Bosi aliyempa ule ushauri akasema huyu ni mtu aliyekuwa anajaribiwa tu, hana mkataba naye. Kwa hiyo ukisikia mtu anakusifia mpango wa kutoka na kuingia, jua kwamba kila muhuri unaoongeza ni ushahidi unaouandika mwenyewe dhidi yako.

Kuhusu ada, Uganda, Kenya na Rwanda zilifutiana ada ya vibali vya kazi kwa msingi wa nifutie nikufutie. Hii haina maana kwamba Mkenya au Mnyarwanda hahitaji kibali. Anakihitaji kama mwingine yeyote, tofauti ni kwamba halipishwi. Nimekutana na Wakenya wengi waliosikia neno "bure" wakaishia hapo. Sisi wa nchi nyingine inategemea nchi zetu zimekubaliana nini na Uganda, kwa hiyo angalia kiwango cha uraia wako kwenye tovuti ya Uhamiaji kabla ya kusaini mkataba. Nasema kabla, kwa sababu hapo ndipo mnapokubaliana nani analipa, na mkataba uandike hivyo. "Tutaona" ya mdomoni huishia kukatwa kwenye mshahara wako.

Vibali vimepangwa kwa herufi: B ni kilimo, C madini, D biashara, E viwanda, F wataalamu wanaojitegemea, na G ndilo daraja la walioajiriwa pamoja na wanaojitolea. Wengi wenu mtaangukia G. Linaloleta balaa ni kuwa na kibali cha G, mchana uko ofisini, jioni una kibanda chako cha vitenge Kikuubo. Kibali kinakuruhusu kufanya kazi iliyoandikwa juu yake, kwa mwajiri aliyeandikwa juu yake. Ukitaka duka, hilo ni daraja jingine lenye masharti yake.

Sasa faili. Kabla hujaondoka kwenu, chukua hati ya polisi ya tabia njema. Kwetu Tanzania unapigwa alama za vidole na kusubiri, Kenya wanaomba kwenye eCitizen, tovuti ya serikali yao, lakini ukishafika huku utalazimika kumsumbua ndugu yako aende kituoni kwa niaba yako au urudi mwenyewe. Njoo na vyeti halisi vya shule na chuo, si nakala zilizopigwa picha kwa simu. Shahada za nje ya Uganda zinaweza kuhitaji Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lizilinganishe na za hapa, kwa hiyo na matokeo yako ya kila somo yabebe. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayetambulika. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa, ndiyo, lakini fomu ni za Kiingereza na anayezisoma anataka Kiingereza.

Kama taaluma yako ina bodi, anza na bodi. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana mikataba ya kutambuana ndani ya Jumuiya, nasi wahasibu tulikuwa miongoni mwa wa kwanza, mwaka 2011. Mikataba hiyo inarahisisha, haiondoi haja ya kujiandikisha na chombo cha hapa. Daktari wa binadamu ana baraza lake, mwalimu ana wizara ya elimu. Kibali cha kazi kikitoka na bodi yako haijakutambua, umepata ruhusa ya kukaa na si ya kushika kazi yenyewe.

Maombi yenyewe yanafanyika mtandaoni. Unajaza, unapakia nyaraka, unapewa namba ya malipo, unalipa benki. Ndiyo maana sielewi kwa nini bado watu wanawapa fedha taslimu vishoka wanaozungukazunguka karibu na makao makuu ya Uhamiaji, Jinja Road. Au naelewa: kishoka anakuita "ndugu" kwa Kiswahili safi, anakununulia soda, anakuambia ana mtu ndani. Atakachokuletea ni karatasi yenye rangi nzuri. Kibali halali kina kumbukumbu yake kwenye mfumo, na namba ya maombi ni haki yako kuijua. Mtu akikataa kukupa namba hiyo, hata kama ni afisa utumishi wa kampuni yako, kuna kitu.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Katika kampuni nyingi, maombi yanafunguliwa kwa barua pepe ya kampuni, majibu yanakwenda kwa kampuni, kibali kinachapwa na kufungiwa kwenye droo ya kampuni. Mfanyakazi anajua tu kwamba "kipo". Nilipokabidhiwa yale mafaili nilikuta vibali vilivyokwisha muda huku wenyewe wanaendesha magari ya kampuni hadi Gulu bila habari. Adhabu ya kukaa bila kibali inamwangukia mwenye pasipoti. Kampuni inaweza kupigwa faini yake, lakini anayeondolewa nchini ni wewe.

Kwa hiyo, siku kibali kinapotoka, dai nakala. Ihifadhi kwenye simu, kwenye barua pepe yako binafsi, na karatasi moja nyumbani. Andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona, na miezi mitatu kabla anza kumkumbusha afisa utumishi, kwa maandishi, kwa adabu, kila wiki ikibidi. Atakuona msumbufu. Mwache akuone hivyo. Maombi ya kuhuisha yakichelewa na kibali kikaisha, unabaki na pengo, na pengo la wiki tatu leo halikuumi hata kidogo. Litakuuma baada ya miaka.

Nasema hivyo kwa sababu ya ukaazi wa kudumu. Hapa Jumuiya inakuacha mlangoni. Itifaki yenyewe, ibara ya 14, inasema mambo ya ukaazi wa kudumu yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa Uganda, njia ya kawaida ya mfanyakazi mgeni ni hati ya ukaazi, inayoombwa na aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 10 na kuonyesha mchango wake katika maendeleo ya nchi. Aliyeoa au kuolewa na Mganda ana mlango wake, na aliyewahi kuwa raia pia. Sisi wengine tunahesabu miaka. Neno zito ni "kihalali". Hawakuulizi ulifika lini, wanataka uonyeshe.

Kuna fundi mitambo kutoka Bukavu ninayemfahamu, mtu mzima, Kiganda chake kinawashinda wenyeji wengine. Alikuwa amekaa hapa zaidi ya miaka 13. Tulipokaa mezani na kumwaga bahasha zake zote, karatasi zilizosimama ni za miaka sita. Kampuni yake ya kwanza ilishafungwa na hajui nani ana mafaili. Ya pili ilimweka kwa ahadi kwamba kibali kinashughulikiwa. Ya tatu ndiyo iliyomfanyia mambo sawasawa. Miaka saba ya jasho, hakuna hata karatasi moja ya kuisemea.

Jenga ushahidi wako tangu mwezi wa kwanza. Vibali vyote, hata vilivyokwisha. Pasipoti za zamani zenye mihuri, usizitupe. Namba ya mlipakodi ya URA, mamlaka ya mapato ya hapa, na hakikisha kodi inayokatwa kwenye mshahara inalipwa kwa namba yako. Kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: wewe unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10, na taarifa ya michango inaonyesha mwezi kwa mwezi ulikuwa unafanya kazi kwa nani. Isitoshe, fedha hizo ni zako. Mgeni anayeondoka Uganda moja kwa moja ana haki ya kudai mafao yake, kwa hiyo usikubali bosi akuambie kwamba NSSF ni ya Waganda tu.

Ukibadilisha mwajiri, kibali cha zamani hakihami na wewe. Mwajiri mpya anaanza maombi yake, na hamna sababu ya kuacha kazi ya kwanza kwa hasira Ijumaa kabla hujajua utasimama juu ya karatasi gani Jumatatu.

Kwa wale waliokuja kwa njia ya ukimbizi, na ndugu zetu wa Kongo mpo wengi, barabara yenu ni nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kuajiriwa, na utambulisho wenu unatoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Msishawishiwe na mtu kuchanganya njia hizi mbili bila kwanza kumwona mwanasheria.

Uraia? Wengi huniuliza, na jibu langu huwachosha: kwa Mtanzania, fikiri mara mbili. Katiba ya Uganda inataja miaka 10 kwa njia ya kuandikishwa, sheria ya uraia inataja 20 kwa njia ya tajnisi, na Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili. Lakini Tanzania hairuhusu, na katiba ya Kongo nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu. Mkenya anaweza, tangu katiba yao ya 2010. Kwangu mimi hati ya ukaazi inatosha, sijaona cha kunifanya nirudishe pasipoti ya kwetu.

Isipokuwa ardhi, na hapa wageni wanaliwa sana. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo, aina ya umiliki wa kudumu wa hapa Uganda, wala ya umiliki huru, anachoweza kupata ni ukodishaji, usiozidi miaka 99. Lakini jioni kwenye nyama choma utasikia kuna kibanja, yaani kipande cha ardhi, kizuri Wakiso, bei ya kutupa, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, atagonga muhuri. Muhuri wa LC haubadilishi sheria. Anayekuuzia anajua huna pa kwenda kushtaki.

La mwisho ni familia. Mke au mume na watoto wanaombewa pasi ya mtegemezi, ambayo haimruhusu aliyenayo kufanya kazi. Akipata ajira anaomba kibali chake mwenyewe. Na mtoto akizaliwa hospitali ya Mulago au Nsambya, hapati uraia wa Uganda kwa kuzaliwa tu hapa ikiwa wazazi wote ni wageni. Mwandikishe NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, upate cheti cha kuzaliwa, kisha kipeleke ubalozini kwenu mapema, akiwa bado mchanga, maana Desemba mkienda kumwonyesha kwa bibi yake, pale Mutukula naye ataulizwa hati yake ya kusafiria.