Wakaguzi wa usafi wakikuandikia PV kwenye malewa yako

Nina malewa, yaani mgahawa mdogo, hapa Lubumbashi, Kongo: bukari, sombe, samaki wa tomsoni wa kukaanga, na kuku siku ya Jumapili. Wakaguzi wa usafi ni wageni wa kawaida kwangu. Safari moja waliniandikia PV, yaani hati rasmi ya ukaguzi, yenye makosa matatu, na tisho la kufunga mlango juu yake. Nilijibu kwa barua, makosa mawili yakaondolewa, moja likabaki na nikalilipia. Wamama wenzangu huniuliza nilifanyaje, basi nawaandikia hapa mara moja.

Wengi wetu tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kupiga kelele mbele ya wateja. Ya pili ni kumvuta mkubwa wa kundi pembeni: "Papa, tusikilizane." Hiyo ya pili huonekana rahisi mpaka wenzake wanapokuja nao kutafuta madesu ya bana, yaani hongo, maana habari za mama anayetoa hazikai siri. Na PV je? Kama imeshaandikwa, inabaki kwenye faili lao, na wewe huna hata karatasi ya kuonyesha ulilipa nini.

Wakiwa bado ndani, omba ordre de mission, karatasi inayoonyesha nani amewatuma. Iombe kwa upole, soma majina, piga picha kama wanakubali. Zunguka nao, usiwaache peke yao jikoni. Kila wanachokinyooshea kidole, nawe kipige picha saa hiyohiyo, maana kesho kila mtu atakuwa na maneno yake. Ukifika wakati wa kutia sahihi, usikatae. Andika pembeni ya sahihi yako "sous réserve" (yaani hukubali yote) na kitu usichokubali, hata kwa maneno matano. Ukisaini bila neno, watasema ulikubali yote.

Sasa kaa chini na ile PV, uichambue kosa kwa kosa. Hapa ndipo watu wanapopotea: wanaandika barua ya hasira inayokataa kila kitu, na mkubwa wa ofisi akiona uongo mmoja tu anatupa barua nzima.

Kwangu kosa la kwanza lilikuwa mende nyuma ya kabati la unga. Walikuwepo kweli. Kabati likatolewa, nyufa za ukuta zikazibwa kwa sementi, unga ukahamia kwenye ndoo zenye mifuniko. Kwenye barua hilo lilichukua mistari miwili, na picha za kabla na baada.

La pili: "hakuna maji ya kutiririka". Nani asiyejua maji ya REGIDESO, shirika la maji, yanavyokatika katika mitaa yetu? Bomba lilikuwa kavu, lakini mlangoni kulikuwa na bidoni ya lita 20 yenye robine, sabuni, na ndoo ya kupokea maji machafu. Maji yanayotoka kwenye robine yanatiririka, hata kama hayatoki ukutani. Nilieleza pia ninavyoweka dawa: kijiko kimoja cha supu cha HTH (klorini ya unga), kilichosawazishwa, kwa lita 20. Hiyo inatoa klorini ya 0.05%, kipimo kilekile tulichofundishwa wakati wa kipindupindu kwa kunawa mikono. (Ni cha mikono tu, jamani, si cha kunywa wala kupikia.)

La tatu ndilo lingenifunga: "samaki walioharibika". Neno hilo ni zito, kwa sababu mende ni uchafu lakini samaki mbovu ni hatari kwa afya ya watu. Na hapa nawaomba wanaouza tomsoni wasikilize vizuri. Samaki huyu anatoka mbali, mara nyingi bahari ya Namibia, anapita mpaka wa Kasumbalesa akiwa barafu tupu. Akianza kuyeyuka kwenye beseni anatoa maji yenye damu, macho yanakuwa mekundu, ngozi inapoteza mng'aro. Mkaguzi asiyezoea jikoni anaona uozo. Lakini mbonyeze kwa kidole: nyama ikirudi juu, bado mzima, shimo likibaki, mtupe. Fungua mashavu, nusa. Harufu ya bahari si harufu ya uozo, pua ya mpishi inajua.

Hata hivyo sikuandika "samaki ni wazima, nyinyi hamjui". Niliambatanisha risiti ya chambre froide, ghala la baridi ninaponunua samaki, yenye tarehe ya asubuhi ileile. Kisha nikauliza: PV haisemi harufu, haisemi hali ya nyama, haisemi samaki walikuwa nje tangu saa ngapi, wala hakuna sampuli iliyochukuliwa. Uozo huo ulijulikana kwa njia gani? Mwisho nikaahidi kitu kimoja cha kweli: kuanzia sasa samaki watayeyukia ndani ya frigo, au kwenye kasha lenye barafu umeme wa SNEL ukikatika. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachoharibika haraka kiwekwe mapema kwenye ubaridi, ikiwezekana chini ya nyuzi 5. Kwa joto letu la Oktoba, beseni juu ya meza si mahali pa samaki, hata awe mzima namna gani. Na kama wanachukua samaki wako kwenda kuwatupa, dai karatasi inayosema wamechukua kilo ngapi na kwa nini.

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kwa mkubwa wa huduma iliyotoa PV. Kama Kifaransa chako ni cha sokoni kama changu, mtafute mwanafunzi wa sheria akusaidie, lakini mawazo yawe yako. Msidhani hii ni adabu tu. Kwa sheria ya mahakama za utawala ya tarehe 15 Oktoba 2016, huwezi kwenda kushtaki uamuzi kabla hujamlalamikia kwanza aliyeutoa. Mimi simshauri mwenye malewa kukimbilia mahakamani, avoka (wakili) atakula kuliko amande (faini) yenyewe. Ila ofisini wanajua kwamba mtu anayeandika vizuri ameshafungua mlango huo, na wanajibu tofauti. Na usikawie, malalamiko haya yana muda wake.

Peleka kopi mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inarudi kwako na mhuri na tarehe ya kupokelewa. Sekretari akikuambia "acha tu, mama, nitampa chef", kaa kwenye benchi usubiri mhuri. Peleka pia kopi kwa burgumestri, mkubwa wa komini, na kwa daktari mkuu wa zone de santé (eneo la afya), "pour information", yaani wajue tu. Kama uko ndani ya COPEMECO, chama cha wafanyabiashara wadogo na wa kati, wape na wao.

Amande iliyobaki usiilipe mkononi mwa mtu. Dai note de perception (karatasi ya kiasi unachodaiwa), ulipe benki, utunze bordereau, risiti ya benki. Na kama wamekwisha kubandika scellés, mihuri ya kufunga, mlangoni, usizivunje hata kama nyama inaozea ndani. Andika barua ya haraka uombe wafungue, utoe vyakula mbele yao. Kuvunja scellés ni kosa la jinai, na hapo kesi yako haitakuwa tena ya samaki.

Siku hizi risiti zote za samaki zinaingia kwenye farde (faili) moja ya plastiki, pamoja na vyeti vya afya vya wasichana wa jikoni. Mvua za Novemba zikianza, hofu ya kipindupindu inarudi na ukaguzi nao unakuwa mkali, kwa hiyo vyeti navikagua Oktoba, wakati foleni ya hospitali bado ni fupi.