Maswali yenu: hela inaingia, mbona haikai?

Meseji za safari hii karibu zote ni kilio kimoja, kwa hiyo nimechukua nne na hii ya kwanza nitaijibu kwa urefu.

Shikamoo anti. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Wote wanasema panga bajeti kwa mshahara wa mwezi, mimi sina mshahara, kuna wiki napata hela nzuri na kuna wiki sina hata ya mboga.

Marahaba mwanangu. Achana na tarehe 30, hesabu zako zinafuata giza na mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kali taa hazivuti kitu na mitumbwi mingi inapumzika, maana yake unajua kabisa siku ambazo hela itakata, na hiyo ni faida kubwa, wenye biashara nyingine hawana. Basi panga giza hadi giza. Hela ikianza kuingia nunua kwanza chakula cha siku za mbalamwezi, unga, mchele, mafuta, mkaa, viwe ndani kabisa, maana unga ukishakuwa ndani hakuna atakayekupigia simu umkopeshe. Kodi ya nyumba nayo kila giza weka kipande chake kwenye laini nyingine.

Halafu naomba unisikilize hapa. Bunda unalorudi nalo jioni sio faida yote. Mfano umeuza laki mbili, mzigo ulichukua kwa laki na sitini, usafiri na mifuko elfu kumi, chako hapo ni elfu thelathini tu. Ukinunua sufuria za elfu hamsini siku hiyo umeshakula mtaji, na kesho kwenye mnada utanunua ndoo pungufu. Tenganisha hapohapo mwaloni kabla hujapanda daladala.

Anti, mimi ni mama wa watoto watatu, Igoma. Mitumba ya Makoroboi inanimaliza, nikiacha nguo nahisi nitakuta imeshauzwa.

Ni kweli inaweza kuuzwa, mitumba iko mojamoja. Lakini kesho kutwa linafunguliwa belo jingine mamaangu. Beba cash ya ulichopanga tu, ile ya kwenye simu ndo inayowamaliza wengi sababu kulipa ni kubonyeza tu. Na kabla hujalipa uliza na fundi atachukua ngapi, gauni la elfu tano linalotaka kupunguzwa kiuno na kubadilishwa zipu halibaki elfu tano. Ila jitengee na wewe kahela kako kadogo ka nguo kila mwezi, ukijibana kabisa utakuja kuachia siku moja vitu vyote viharibike.

Mume wangu akiishiwa anakopa kwenye simu, mshahara ukiingia wanakata, tunaanza upya.

Kaeni wote wawili siku moja kabla ya mshahara, andikeni deni na makato yake, halafu mwezi huu akope pungufu ya mwezi uliopita, hata kwa elfu ishirini, mpaka liishe. Mkiliziba kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, mtapoteza na vyombo vya ndani, nawasihi sana msiguse.

Nasoma chuo hapa Malimbe, boom, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiingia siku tatu nyingi, limeisha.

Siku linapoingia lipa kodi ya geto, jaza gesi, nunua mchele na maharage. Inayobaki igawe kwa wiki, umpe dada au kaka unayemwamini akutumie kila Jumatatu.