Kuombea vibali vya muziki wa tamthilia: kazi ilivyo na pa kuanzia

Mkuu, umeuliza mambo mawili: anayeombea vibali vya muziki kwa ajili ya tamthilia za televisheni anafanya nini hasa, na je, mtu aliyesoma utangazaji bila sheria anaweza kuingia? La pili ni rahisi: anaweza. Mkataba mgumu utapelekwa kwa wakili hata hivyo. Wewe unatakiwa uwe na kumbukumbu safi na uvumilivu wa kutafuta watu. La kwanza ndilo lenye maelezo.

Wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi iliyotoka studio, tunayoiita masta. Ili wimbo uwekwe kwenye picha unahitaji ruhusa ya wenye utunzi (leseni ya sinki, kwa Kiingereza "sync") na ruhusa ya mwenye masta. Ukiwa na moja tu, bado huna kitu. Ukiurekodi upya na bendi yako, masta ya zamani haikuhusu tena, ila utunzi bado unauombea. Kurusha hewani ni haki nyingine, na kwa kawaida kituo ndicho kinachoilipia kupitia shirika la kukusanya mirabaha. Watayarishaji wengi hujikwaa hapa: "kituo kinalipa kila mwaka, tuweke tu." Malipo yale ni ya kurusha, hayampi mtu ruhusa ya kuunganisha wimbo wa mwenzake na picha zake.

Sehemu kubwa ya kazi ni kujua nani anamiliki nini, kabla hujataja bei. Kwenye Bongo Fleva, msanii unayemwona kwenye video huenda hana masta: iko kwenye lebo, au kwa meneja aliyegharamia, au kwa prodyuza ambaye hajamaliziwa hela yake. Prodyuza aliyetunga biti ni mtunzi mwenza. Aliyeshirikishwa akaandika ubeti wake, naye ni mtunzi. Biti likiwa limekodiwa mtandaoni, omba mkataba wa kukodi na uusome wote; mikataba ya bei ya chini mara nyingi huruhusu idadi fulani ya usikilizwaji na haigusi televisheni. Kukiwa na sampo, kuna wimbo mwingine ndani ya wimbo, nao una utunzi wake na masta yake.

Kwa hiyo ujumbe wako wa kwanza uulize: nani aliandika maneno, nani melodi, nani biti, kila mmoja ana asilimia ngapi, nani aligharamia rekodi na ana karatasi gani, je kuna sampo, na ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, ni ipi. Jumlisha asilimia. Ikitoka 85 kuna mtu amefichwa, ikitoka 110 kuna wawili wanaodai kipande kimoja. Simama hapo hadi ifike 100. ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12, inatambulisha rekodi tu. Remiksi ina yake. Haithibitishi umiliki, maana mara nyingi hutolewa na msambazaji wa mtandaoni. Utunzi una namba yake, ISWC, inayoanza na herufi T.

Nyimbo za zamani zinataka subira zaidi. Bendi nyingi za dansi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwenye mkanda si lazima awe mwenye utunzi. Mtunzi akiwa ameshafariki, tafuta warithi na hati ya msimamizi wa mirathi. Sahihi ya mtoto mmoja kati ya sita haitoshi. "Malaika" unajulikana dunia nzima, lakini utunzi wake umebishaniwa miaka mingi kati ya upande wa Fadhili William na upande wa Adam Salim. Wimbo wenye mgogoro wa namna hiyo, mshauri mtayarishaji autafutie mbadala mapema, usimpe matumaini.

Muda wa ulinzi pia uuhesabu kwa kila nchi utakakoonyesha. Tanzania na Kenya utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni 70. Wimbo wa Mwingereza aliyefariki miaka 55 iliyopita unaweza kuwa huru Dar na ukawa bado na mwenyewe London. Na tenzi za kanisani zinadanganya sana: melodi ni ya kale, lakini tafsiri ya Kiswahili ina mtafsiri wake na mpangilio wa kwaya una aliyeupanga.

Barua ya maombi itaje jina la tamthilia, kinachotokea kwenye onyesho, sekunde ngapi, kama wimbo unasikika nyuma ya mazungumzo au mhusika anauimba mbele ya kamera, nchi zipi, kituo tu au na majukwaa ya mtandaoni, miaka mingapi, na kiasi unachotoa. Jambo la onyesho usilifiche. Msanii anayeruhusu wimbo wake kwenye harusi anaweza kuukataa kwenye ubakaji, na ana haki hiyo.

Kuhusu bei, jifunze mapema sharti la usawa, yaani hakuna upande utakaolipwa chini ya mwingine. Tuseme una shilingi 1,000,000: 500,000 za utunzi, 500,000 za masta. Mwenye 60% ya utunzi anapata 300,000, wa biti mwenye 40% anapata 200,000. Wamesaini kwa sharti la usawa. Kisha mwenye masta anagoma chini ya 800,000. Ukimkubalia, utunzi nao unapanda hadi 800,000, na wimbo sasa ni 1,600,000. Ndiyo maana usimpe yeyote jibu la mwisho kabla hujasikia bei za wote.

"Sawa kaka, tumia" ya WhatsApp si leseni. Ihifadhi, lakini tamthilia ikinunuliwa na kituo cha kulipia au jukwaa la nje wataomba karatasi zilizosainiwa, wimbo kwa wimbo. Na hakuna sheria ya sekunde 7 wala 30 za bure. Imesambaa mno, na haipo.

Wimbo unaoimbwa au kuchezwa mbele ya kamera lazima uwe na vibali kabla ya kurekodi picha. Wa nyuma unaweza kubadilishwa kwenye uhariri. Mbaya zaidi ni redio ya mama ntilie iliyoingia kwenye maikrofoni pamoja na mazungumzo: haing'oki. Mwambie mtu wa sauti aombe izimwe, hata kama mtamlipa mama ntilie muda wake, na muziki uwekwe baadaye.

Muziki wa maktaba za mtandaoni nao una mitego. Leseni za bei nafuu nyingi ni za mitandao ya kijamii pekee. Nunua daraja la utangazaji, kwa jina la kampuni ya utayarishaji, si kwa akaunti binafsi ya mhariri atakayehama kesho. Hifadhi leseni na risiti pamoja.

Mwisho wa kila kipindi unatengeneza kyushiti, orodha ya muziki wote uliotumika: jina la wimbo, watunzi na asilimia zao, lebo, shirika la kila mtunzi, aina ya matumizi, mahali unapoanza, na urefu kwa sekunde. Itoe kwenye toleo lililokamilika la uhariri, kamwe si kwenye skripti, kwa sababu wimbo uliokatwa ukibaki kwenye orodha, mirabaha inakwenda kwa asiyestahili. Nakala inakwenda kituoni, na kutoka huko kwenye mashirika.

Mlango wa kuingilia ni hii kyushiti. Watayarishaji hawapendi kuitengeneza. Jitolee kufanya vipindi vitatu vya tamthilia ya mtu unayemjua. Wakati huohuo chagua nyimbo 10, uandike wenye haki wote wa kila mmoja. Za Tanzania anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya ujue mashirika ya mirabaha: MCSK ni watunzi, PRISK waimbaji na wapigaji, KAMP watayarishaji wa rekodi, na uangalie KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, nani ana leseni hai mwaka huo kabla hujapeleka fomu. Za Marekani, hifadhidata za mashirika ya watunzi ASCAP na BMI ziko wazi kwa kila mtu na kwa nyimbo nyingi zinaonyesha asilimia ambayo kila shirika linasimamia. Ukikwama kwenye wimbo wowote kati ya hizo 10, weka hapa majina uliyoyapata na asilimia zilizopungua, tutazame pamoja.